Abram Ioffe: Mlezi wa wanafizikia aliyeifanya taa ya mafuta kuwasha redio

KATIKA miaka ya hamsini ya karne iliyopita, vijiji vingi vya Muungano wa Usovieti vilikuwa bado havijafikiwa na nyaya za umeme. Giza lilipoingia, familia zilikusanyika kando ya taa ya mafuta, sawa na zilivyofanya familia za mashambani kwingineko duniani.

Lakini katika baadhi ya nyumba hizo, taa ilifanya kazi mbili. Juu ya chemni yake kulifungwa kifaa cha chuma chenye mapezi yaliyotandaa pande zote, na kutoka kwenye kifaa hicho waya ziliteremka hadi kwenye redio. Taa ilipowashwa na chuma kupata moto, redio nayo ilianza kuzungumza.

Hapakuwa na betri wala jenereta. Joto la taa, ambalo katika nyumba nyingine lilipotea bure darini, ndilo lililogeuzwa kuwa umeme wa takriban wati tatu, kiasi cha kutosha kuipa nyumba habari na muziki.

Sayansi iliyozaa kifaa hicho ilikuwa ya Abram Fyodorovich Ioffe, mwanafizikia ambaye wanafunzi wake walimwita Baba Ioffe. Sayansi hiyo hiyo, ikigeuzwa upande wa pili, ndiyo inayotumiwa leo kupoza leza za mawasiliano, kamera za darubini na vifaa vya kupimia mionzi.

Ioffe alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1880 katika mji mdogo wa Romny, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Tsar wa Urusi na sasa uko nchini Ukraine. Familia yake ilikuwa ya Wayahudi wenye uwezo wa wastani.

Alisomea shule ya upili ya mji huo, ambako alifanya urafiki na mvulana aliyeitwa Stephen Timoshenko. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba darasa la mji mdogo kama huo lilitoa watu wawili wa kiwango hicho, kwani Timoshenko baadaye alihamia Marekani na vitabu vyake kuhusu uimara wa vyuma na majengo vikasomwa na wahandisi wa dunia nzima.

Shule hiyo ilikuwa ya aina iliyofundisha sayansi na hesabu badala ya Kilatini na Kigiriki. Chini ya sheria za wakati huo, aliyehitimu humo hakuruhusiwa kujiunga na chuo kikuu, na kwa kijana wa Kiyahudi vizuizi vilikuwa vingi zaidi. Ioffe akaingia Taasisi ya Teknolojia ya St Petersburg na kuhitimu kama mhandisi mwaka 1902.

Hata hivyo, moyo wake ulikuwa katika fizikia. Mwaka huo huo alifunga safari hadi Munich, Ujerumani, kumtafuta Wilhelm Röntgen, mgunduzi wa eksirei ambaye mwaka mmoja tu uliotangulia alikuwa amepokea Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa katika fizikia.

Röntgen alikuwa mtu mkimya, mwenye shaka na kila jambo ambalo halijapimwa mara nyingi. Chini yake Ioffe alijifunza kuchunguza fuwele, yaani vitu kama chumvi ya mawe na kwatzi ambavyo atomu zake zimejipanga kwa safu, na jinsi umeme unavyopita ndani yake.

Alipata shahada ya uzamifu mwaka 1905. Nafasi ya kubaki Munich ilikuwepo, na kwa kijana aliyetoka Urusi, nchi iliyokuwa ikitikiswa na migomo na mapinduzi mwaka huo, ilikuwa nafasi ya kutamaniwa. Ioffe aliiacha. Mwaka 1906 alirejea St Petersburg na kuanza kazi ya chini katika Taasisi ya Politekniki.

Aliendelea kumtembelea Röntgen kila alipopata fursa na wawili hao wakajaza madaftari mengi ya vipimo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haikuchapishwa, na Röntgen alipofariki mwaka 1923 karatasi zake ziliteketezwa kwa mujibu wa wasia wake.

Huko St Petersburg, Ioffe aliangazia swali lililokuwa likiwasumbua wanafizikia wengi, yaani iwapo umeme una chembe ndogo kabisa isiyogawanyika. Alielekeza mwanga kwenye vumbi la chuma lililokuwa likielea kati ya sahani mbili zenye umeme, na kuonyesha kuwa kila punje ya vumbi ilipoteza umeme kwa viwango kamili, kamwe si kwa nusu wala robo.

Mmarekani Robert Millikan alikuwa amefanya jaribio la aina hiyo kwa kutumia matone ya mafuta, na kwa kuwa alitangulia kuchapisha, sifa na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1923 zikamwendea yeye. Ioffe alichapisha matokeo yake mwaka 1913. Hakulalamika.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, mawasiliano na Ulaya yalikatika. Mwaka 1916 Ioffe alianzisha mjadala wa fizikia, ambako vijana wachache walikutana na kujadili nadharia mpya za atomu. Miongoni mwao walikuwemo Pyotr Kapitsa, Nikolai Semenov na Yakov Frenkel. Hakuna aliyejua kwamba wawili kati ya vijana hao wangekuja kupata Tuzo ya Nobel.

Mapinduzi ya mwaka 1917 yaliiacha Petrograd, kama mji ulivyoitwa wakati huo, katika njaa na baridi kali. Wengi waliokuwa na elimu walikimbilia ng'ambo. Ioffe alibaki, na katikati ya dhiki hiyo akaiomba serikali mpya fedha za kuanzisha kituo cha utafiti.

Aliupata ukubali huo mwaka 1918, alipoanzisha idara ya fizikia na ufundi ndani ya taasisi mpya ya eksirei na radi. Mwaka 1921 idara hiyo ilisimama yenyewe kama Taasisi ya Fizikia na Ufundi, na miaka miwili baadaye ikahamia katika jengo lake mkabala na Taasisi ya Politekniki.

Mwaka 1919 alikuwa pia ameanzisha kitivo kipya katika Politekniki hiyo, ambako wanafunzi walisomeshwa fizikia na uhandisi kwa pamoja. Wanafunzi hao hawakungoja kuhitimu ndipo waingie maabara. Walivuka barabara na kuanza kufanya utafiti wakiwa bado wanasoma, na ndiyo sababu watu walikiita kituo hicho chekechea ya Baba Ioffe.

Jina la baba halikuwa la mzaha tu. Katika majira ya baridi kati ya mwaka 1919 na 1920, Kapitsa alifiwa na baba yake, mkewe na watoto wake wawili kutokana na maradhi yaliyoenea mjini. Kijana huyo alikuwa amevunjika moyo kabisa.

Mwaka 1921 Ioffe alitumwa ng'ambo kununua mitambo na vitabu, naye akafanya kila juhudi Kapitsa aende pia. Walipofika Uingereza alimpeleka Cambridge kwa Ernest Rutherford, bingwa wa atomu wa zama hizo, na kumwombea nafasi. Kapitsa aliishi huko kwa zaidi ya miaka 10 na akawa mmoja wa wanafizikia mashuhuri wa Ulaya.

Katika miaka hiyo ya ishirini Ioffe mwenyewe alikuwa akipasua fuwele. Kwa hesabu za wananadharia, fuwele ya chumvi ya mawe ilipaswa kuhimili mvuto mkubwa mno kabla ya kukatika, lakini katika maabara ilikatika mapema, kana kwamba nguvu zake zilikuwa zimeibwa.

Ioffe aliitumbukiza fuwele hiyo ndani ya maji ya moto na kuivuta ikiwa humo. Mwenye kuona angetarajia kwamba chumvi ingedhoofika zaidi, ila ilihimili mvuto mara nyingi zaidi ya ilipokuwa kavu.

Sababu ni kwamba maji yaliyeyusha tabaka la juu, na pamoja nalo nyufa ndogo zisizoonekana ambazo ndizo zilizokuwa mwanzo wa kila mpasuko. Udhaifu haukuwa ndani ya chumvi bali usoni mwake. Jambo hili liliitwa kwa jina lake, na hadi leo mhandisi anayechunguza chuma kwa kutafuta ufa mdogo kabla haujakua anatembea katika njia hiyo hiyo.

Ioffe alialikwa Marekani, akafundisha huko, na mihadhara yake kuhusu fizikia ya fuwele ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1928. Alikuwa amefikia kilele.

Ni katika kilele hicho ndipo alipoteleza. Vipimo vyake vilimwonyesha kwamba kihami cha umeme kikifanywa kuwa chembamba sana, kinahimili volti nyingi mno kwa kulinganishwa na unene wake. Jambo hili lingekuwa kweli, nyaya na mitambo ya umeme ya nchi nzima ingeweza kutengenezwa upya kwa gharama ndogo, na viwanda vilianza kulisubiri kwa hamu.

Mwanzoni mwa miaka ya thelathini, kijana aliyeitwa Anatoly Alexandrov, aliyekuwa ameletwa na Ioffe mwenyewe kutoka Kiev, alirudia vipimo hivyo na kugundua kwamba mkubwa wake alikosea. Kihami chembamba hakikuwa na miujiza yoyote.

Wakurugenzi wengi wangemfukuza kijana wa namna hiyo. Ioffe alikagua hesabu, akakubali kosa hadharani na kumwacha Alexandrov aendelee kupanda cheo. Kijana huyo baadaye alikuwa rais wa Akademia ya Sayansi ya Usovieti.

Si wote waliokuwa wapole kwake baada ya kosa hilo. Lev Landau, kijana mwenye kipaji kikubwa na ulimi mkali, alimdharau waziwazi, na mwaka 1932 aliondoka kwenda Kharkov. Hata huko alikuwa katika nyumba ya Ioffe, kwani taasisi ya Kharkov ilikuwa miongoni mwa zile ambazo mzee huyo alichangia kuzianzisha ili fizikia isibaki katika mji mmoja.

Taasisi nyingine ya aina hiyo ilihusu kilimo. Mwaka 1932 Ioffe alianzisha kituo cha kuchunguza udongo, joto na mwanga wa mimea kwa mbinu za fizikia, na akakiongoza hadi kufa kwake. Wenzake wengine waliona ni kupoteza wakati. Yeye alishikilia kwamba mkulima anastahili vipimo sahihi kama mhandisi.

Mwaka huo huo wa 1932 ulikuwa wa maajabu katika sayansi ya atomu, kwani ndipo nyutroni ilipogunduliwa huko Cambridge. Ioffe alifungua mara moja idara ya nyuklia katika taasisi yake, na mkuu wake akawa Igor Kurchatov, kijana wa miaka 29 ambaye hadi wakati huo alikuwa akichunguza fuwele na semikondakta.

Uamuzi huo ulimletea matatizo. Mwezi Machi 1936, katika kikao cha Akademia ya Sayansi jijini Moscow, taasisi yake ilishutumiwa kwa kujitenga na mahitaji ya viwanda. Nchi ilitaka chuma na mashine, na utafiti wa kiini cha atomu ulionekana kama anasa isiyo na faida.

Ioffe alivumilia shutuma hizo lakini hakuifunga idara ya Kurchatov. Ni vigumu kutathmini uzito wa uvumilivu huo bila kukumbuka ilikuwa miaka gani. Matvei Bronstein, mwananadharia kijana wa taasisi hiyo, alikamatwa mwaka 1937 na kuuawa kwa risasi Februari 1938. Kila mkurugenzi alijua kuwa lawama za kikaoni zingeweza kuishia gerezani.

Mnamo 1940, vijana wawili wa kikundi cha Kurchatov, Georgy Flerov na Konstantin Petrzhak, waligundua kwamba atomu za urani hupasuka zenyewe bila kuguswa na chochote. Anasa ilikuwa imezaa ugunduzi mkubwa.

Ujerumani ilipoivamia nchi mwaka 1941, sehemu kubwa ya taasisi ilihamishiwa Kazan. Kurchatov na Alexandrov walikwenda kuzikinga meli za kivita dhidi ya mabomu ya sumaku yaliyotegwa baharini. Waliobaki Leningrad, mji uliozingirwa na kuteswa kwa njaa, walipima jinsi barafu ya Ziwa Ladoga inavyopinda chini ya uzito, ili malori ya chakula yapite bila kuzama.

Wakati huo ndipo wazo la zamani la Ioffe lilipovaa sare ya vita. Wapiganaji wa msituni, waliokuwa nyuma ya majeshi ya Ujerumani, walihitaji redio lakini betri zilikwisha na hazikupatikana nyingine. Walipewa sufuria.

Sufuria hiyo ilikuwa na jozi nyingi za vipande vya metali vilivyounganishwa kwenye kitako chake. Mpiganaji aliijaza maji na kuitundika juu ya moto. Upande wa chini ulikuwa na joto kali, upande wa juu haukuweza kupita joto la maji yanayochemka, na tofauti hiyo ikazalisha umeme wa kuendesha redio.

Siri ya jambo hili ilijulikana tangu mwaka 1821, Thomas Seebeck alipoona kwamba metali mbili tofauti zikiungwa na kiungo kimoja kikapashwa moto, hutokea nguvu ya umeme. Mwaka 1834 Mfaransa Jean Peltier aliona kinyume chake, kwamba umeme ukipitishwa katika kiungo kama hicho, upande mmoja hupata joto na mwingine hupoa.

Kwa karne nzima uvumbuzi huo haukuwa na manufaa makubwa. Waya za chuma zilitoa umeme kidogo mno, na ubaridi wake haukutosha hata kupoza kikombe cha maji.

Ioffe alieleza kwa nini. Kitu kinachofaa kwa kazi hii sharti kitimize masharti matatu ambayo hayapatani: kipitishe umeme vizuri, kipitishe joto vibaya, na kitoe volti nyingi kwa kila digrii ya joto. Metali hupitisha umeme vizuri lakini hupitisha na joto pia, hivyo upande wa moto huupasha ule wa baridi na kazi yote huharibika. Vihami navyo havipitishi umeme.

Kati ya makundi hayo mawili kuna semikondakta. Tangu mwishoni mwa miaka ya ishirini Ioffe alikuwa ameshawishika kwamba humo ndimo kuna suluhisho, wakati ambapo wanafizikia wengi waliziona semikondakta kama uchafu usiostahili kuchunguzwa, kwa kuwa tabia zake zilibadilika kila mara kwa sababu ya takataka kidogo tu iliyoingia ndani.

Aliyaunganisha masharti yale matatu katika kanuni moja fupi ambayo humwonyesha mhandisi ubora wa kitu chochote kwa tarakimu moja. Baadaye yeye na wenzake walionyesha njia ya kuidanganya asili: kuchanganya semikondakta mbili zinazofanana, ili atomu za ukubwa tofauti ziyumbishe mwendo wa joto huku zikiacha elektroni zipite karibu kama kawaida.

Lakini kabla kazi hiyo haijakomaa, serikali ilikuwa na swali jingine kwake. Kati ya mwaka 1942 na 1943 ilitaka kujua nani aongoze mradi wa siri wa nguvu za nyuklia. Ioffe ndiye aliyekuwa mwanafizikia mkuu wa nchi, na jina lake lilitazamiwa na wengi.

Alijitoa. Alikuwa amepita miaka 60, na aliona kazi hiyo inahitaji mtu mwenye nguvu na ujuzi wa kiini cha atomu. Akampendekeza Kurchatov, ambaye hakuwa hata mwanachama kamili wa Akademia, na wakubwa wengine wa sayansi walishangaa.

Kurchatov aliteuliwa Machi 1943. Kinu chake cha kwanza kilianza kazi tarehe 25 Desemba 1946, bomu likalipuliwa Agosti 1949, na tarehe 27 Juni 1954 kituo cha Obninsk kikawa cha kwanza duniani kutoka katika nishati ya nyuklia kupeleka umeme kwenye nyaya za matumizi ya kawaida. Wengi wa walioongoza kazi hizo walikuwa wametoka katika chekechea ya Leningrad.

Shukrani aliyoipata mlezi wao ilikuwa ya ajabu. Miaka ya mwisho ya utawala wa Joseph Stalin ilitawaliwa na kampeni dhidi ya wasomi waliodaiwa kutoipenda nchi yao, na aghalabu walengwa walikuwa Wayahudi. Desemba 1950, majuma machache baada ya kutimiza miaka 70, Ioffe aliondolewa katika uongozi wa taasisi aliyoijenga kwa mikono yake.

Kwa mzee wa umri huo, na katika nyakati hizo, kunyamaza na kwenda kupumzika kungekuwa jambo la busara. Ioffe alikusanya wasaidizi wachache na kurudi kwenye semikondakta. Mwaka 1952 alipewa maabara ndogo, na mwaka 1954, Stalin akiwa amekwisha kufa, maabara hiyo ikageuzwa kuwa Taasisi ya Semikondakta.

Miaka hiyo kumi ya uzeeni ndiyo iliyozaa matunda mengi ya uhandisi. Taa ya redio ilisambazwa vijijini. Friji ndogo zisizo na injini, gesi wala sauti zilitengenezwa na kufanyiwa majaribio. Kitabu chake kuhusu semikondakta zinazogeuza joto kuwa umeme kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1957 na kuwa msahafu wa wahandisi wa fani hiyo.

Mtambo wa kupoza wa aina hiyo ni rahisi kueleweka. Vipande vidogo vya semikondakta za namna mbili hupangwa kwa zamu kati ya vigae viwili vyembamba. Mkondo wa umeme unapopita, huchukua joto kutoka kigae kimoja na kulitua kwenye kingine. Ukigeuza mwelekeo wa mkondo, kigae kilichokuwa baridi hupata moto.

Waingereza nao hawakuwa wamelala. Mwaka 1954 watafiti wa kampuni ya GEC walionyesha kwamba mchanganyiko wa bismuthi na teluri unafaa sana kwa kupoza, na mchanganyiko huo pamoja na jamaa zake ndio unaotumika hadi sasa katika vifaa vingi vya aina hiyo.

Ioffe alitumaini kwamba friji za semikondakta zingeingia katika kila nyumba. Hilo halikutokea, na kwa haki, kwa sababu friji ya kawaida yenye kompresa hutumia umeme kidogo zaidi kwa kazi ile ile. Pale alipopata ushindi ni mahali pasipohitaji ubaridi mwingi bali ubaridi wa uhakika.

Leza zinazosukuma mwanga ndani ya nyaya za mawasiliano hubadilisha rangi joto likiyumba hata kidogo, na simu za watu zingegongana. Kigae kidogo cha semikondakta huishikilia leza katika digrii ile ile mchana na usiku. Kamera za kupigia picha nyota hupozwa vivyo hivyo ili joto lake lenyewe lisionekane kama mwanga.

Katika vituo vya nyuklia pia sayansi hii imepata kazi. Fueli ya kinu hufungiwa ndani ya vijiti virefu vya metali, na kijiti kikiwa na ufa mwembamba, mada zenye mionzi huvujia kwenye maji. Kwa hiyo viungo vyake huchunguzwa, mara nyingine kwa eksirei zile zile za mwalimu wa Munich, kabla ya kuingizwa kinuni.

Vijiti vikishatumika, wakaguzi husoma miale ya gama inayotoka humo ili kujua kiasi kilichochomeka na kuhakikisha hakuna kilichoibwa. Vipimio vingi wanavyotumia vimetengenezwa kwa semikondakta, kama vile germani ambayo kwa kawaida hupozwa kwa naitrojeni ya maji. Baadhi ya vile vidogo vya kadimi na teluri, vinavyobebeka mkononi, hupozwa kwa vigae vya Peltier. Ioffe hakuvibuni vipimio hivyo, ila ni watu wachache waliogusa kila pande za kazi hiyo kama yeye: eksirei, fuwele, ufa, semikondakta na ubaridi.

Heshima ilimrudia polepole. Mwaka 1955 alipewa nishani ya Shujaa wa Kazi ya Kisoshalisti, na wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa walikuwa wakubwa, walimtembelea tena bila woga. Mwaka uliofuata Semenov alipata Tuzo ya Nobel ya kemia, raia wa kwanza wa Usovieti kuipata.

Kurchatov alifariki Februari 1960, akiwa na umri wa miaka 57. Mlezi wake alimfuata tarehe 14 Oktoba mwaka huo huo. Ioffe alifia ofisini mwake jijini Leningrad, zikiwa zimesalia wiki mbili tu atimize miaka 80, huku matayarisho ya sherehe yakiendelea. Alizikwa katika makaburi ya Volkovo.

Mwezi mmoja baadaye, taasisi iliyomfukuza ilipewa jina lake, na mwaka 1961 akatunukiwa Tuzo ya Lenin akiwa kaburini. Landau alipata Nobel mwaka 1962 na Kapitsa mwaka 1978.

Mwaka 2000 tuzo hiyo ilirudi tena katika jengo lile la mkabala na Politekniki, safari hii kwa kazi ya semikondakta. Aliyeipokea, akishirikiana na wengine wawili, ni Zhores Alferov, aliyekuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Ioffe. Alferov alikuwa ameingia hapo mwaka 1953 akiwa kijana wa miaka 22, na alipofika, kiti cha mkurugenzi kilikuwa na mtu mwingine. Mzee alikuwa kwingineko mjini, katika maabara yake ndogo, akipima vipande vya semikondakta.